Kidole chenye maji

Ukitoka stendi ya Nyabugogo na kushika barabara ya Gatuna, masikio yako hufika Gatsata kabla ya macho. Nyundo juu ya bati, jiwe la kusagia chuma, kompresa ya rangi inayohema, injini inayojaribiwa huku mtu akipaza sauti, "Ongeza! Ongeza!" Kwa miaka mingi jina la Gatsata mjini Kigali limekuwa jina la gereji. Mtu akikuambia gari lake liko Gatsata, humuulizi limepatwa na nini, unampa pole.

Nilikwenda huko na Toyota Carina E ya shemeji yangu. Ilikuwa imegonga nyuma ya lori lililofunga breki ghafla kwenye mteremko, na pua yake ilikuwa imeingia ndani: taa moja imetoka, grili haipo, boneti imejikunja katikati kama mkeka ulioshikwa vibaya. Shemeji alikuwa amenipa pesa za kununua boneti nyingine, iliyotumika, kwa wauza vipuri. Fundi wa bodi niliyeelekezwa kwake alikuwa mzee wa miaka sitini hivi, ovaroli imepauka, miwani ameifunga kwa kamba kisogoni. Alilizunguka gari mara mbili, akachuchumaa mbele yake, akanyamaza.

"Mzee, si tutafute tu kapo nyingine?" nikamwambia. Hapa Kigali boneti huitwa kapo, neno la Kifaransa lililohamia gereji likapata uraia.

"Ya kutafuta imetoka kwenye mwili mwingine," akajibu, macho yakiwa kwenye bati. "Itafunga, lakini haitakaa. Hii ni ya kwake. Niachie."

Nikamwachia, na kwa kuwa sikuwa na pa kwenda, nikakaa juu ya tairi kuukuu nikamtazama hadi jioni.

Hakuanza kwa kupiga. Alilowesha kitambaa, akaipaka boneti yote maji, kisha akainama mpaka jicho lake likawa usawa wa bati, akatazama jinsi mwanga unavyoteleza juu ya yale maji. Penye bonde mwanga hujikunja. Akaweka alama za chaki. Ndipo akaingiza upande wa chini kipande cha chuma kizito chenye mgongo wa mviringo, akakishika kwa mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia akaanza kugonga upande wa juu kwa nyundo ndogo yenye uso bapa. Hakugonga palipoingia. Aligonga ukingo uliojiinua pembeni mwa bonde, pole pole, huku chuma cha chini kikisukuma. Ukingo ukashuka, na bonde likapanda lenyewe. Aliniambia kwamba bati likipigwa sana mahali pamoja hutanuka, na likishatanuka linakuwa kubwa kuliko nafasi yake, kila ukilibonyeza litalia "tok". Sehemu moja ilikuwa imeshafika huko. Akaipasha moto kwa gesi hadi ikawa nyekundu, mduara usiozidi sarafu, akagonga mara tatu, akaizima kwa kitambaa chenye maji. Bati likajikaza mbele ya macho yangu.

Hatua kumi kutoka kwake kijana mmoja alikuwa anajaza shimo la bati kwa mastiki, ile puti nene inayosagwa na kupigwa rangi juu. Ni kazi inayolipa na inayokwenda haraka, na sina neno na kijana anayetafuta riziki. Lakini nilijua kwa nini moyo wangu ulikuwa kwa mzee. Kwa muda mrefu nimekuwa nikisoma na kuulizia kuhusu upasuaji wa pua, tangu mpwa wangu alipozaliwa na mdomo uliopasuka. Katika upasuaji huo ipo njia ambayo madaktari wengi wameirudia katika miaka hii ya karibuni, ya kurekebisha pua bila kubomoa umbo lake la asili, na sikuwahi kuielewa kwa mikono hadi siku ile, nikiwa juu ya tairi.

Tuanze na pua yenyewe. Ule mgongo unaoshuka kutoka kati ya macho hadi karibu na ncha, Kiswahili huuita mwamba wa pua, na mwamba ni neno ambalo wajenzi wa nyumba za makuti hulitumia pia kwa mti unaolazwa juu ya nguzo kubeba paa. Aliyelipa jina hilo alikuwa ameitazama pua vizuri. Nusu ya juu ya mwamba ni mfupa mwembamba, nusu ya chini ni gegedu, ile nyama ngumu inayopindika, kama ya sikio. Chini yake umesimama ukuta wa kati unaotenganisha matundu mawili. Huo ndio nguzo. Na gegedu ya pembeni haikubandikwa kwenye nguzo: imeota nayo, kipande kimoja, mithili ya herufi T. Ndani, pale ukuta wa pembeni unapokutana na ukuta wa kati, pana mwanya mwembamba ambao pumzi yote hupitia. Mwanya huo ukibanwa, mtu anaweza kuishia kulala mdomo wazi.

Sasa mtu ana kibyongo juu ya mwamba, pua imejipinda kama mgongo wa ngamia, na anataka inyooke. Jibu la kwanza linalokuja akilini ni kukata kilele. Ndivyo alivyofanya daktari Jacques Joseph wa Berlin mwaka 1898, kwa kijana aliyelalamika kwamba pua yake inafanya watu wamkodolee macho barabarani. Baadaye Joseph alijifunza kupitisha msumeno mdogo ndani ya tundu la pua ili asiache kovu usoni, na msumeno huo bado unaitwa kwa jina lake. Njia yake ilitawala dunia kwa karibu karne nzima. Mfikirie fundi huyo vizuri: alikuwa Myahudi, alizaliwa Jakob akajiita Jacques, na wengi waliomjia walikuwa Wayahudi wenzake waliotaka pua isiyowatangaza mitaani. Alifariki Berlin mwaka 1934, mwaka mmoja baada ya Wanazi kushika dola. Alikuwa hodari, na maskini wengine aliwahudumia bila malipo. Lakini ufundi wake ulizaliwa mahali ambapo pua ilikuwa kesi, na dawa ya kesi ilikuwa kukata. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu Rwanda inalijua.

Ukikata kilele cha paa unapata nyumba isiyo na paa. Kuta mbili za pembeni zinabaki zimesimama peke yake, na juu pana uwazi unaoweza kuupapasa kwa kidole kupitia ngozi. Ili kuufunga, daktari huvunja mifupa ya pembeni na kuisogeza ndani ikutane. Pua inanyooka, mgonjwa anafurahi, picha zinapigwa. Kisha miaka inapita, ngozi inajikaza juu ya kilichobaki, na kwa baadhi ya watu gegedu za pembeni huporomoka kuelekea ndani: kivuli cha herufi V iliyogeuzwa hutokea katikati ya pua, na pumzi hupungua. Jack Sheen wa Los Angeles alieleza mwaka 1984 namna ya kuchomeka vipande virefu vya gegedu kati ya ukuta wa kati na kuta za pembeni ili kuupanua tena ule mwanya. Hicho kilikuwa kizazi cha pili cha ufundi: bomoa, kisha jenga upya kwa uangalifu. Wapo mabingwa wa njia hiyo ambao kazi yao ni nzuri mno, na pua iliyovunjika vibaya au iliyokwisha kufanyiwa upasuaji mara mbili mara nyingi haina njia nyingine.

Ila kulikuwa na mtu aliyeuliza swali jingine mapema kabisa. Mwaka 1899, mwaka mmoja tu baada ya Joseph, daktari wa Boston aliyeitwa Joseph Goodale alichapisha maelezo ya kupunguza pua yenye kibyongo bila kukata kibyongo. Mwenzake wa mji uleule, Lothrop, akaandika tena mwaka 1914. Katikati ya karne ya 20 Maurice Cottle wa Chicago akaishika njia hiyo kwa sababu alijali pumzi kuliko picha. Wengi hawakuwafuata. Msumeno ulikuwa mwepesi kufundisha, na njia hii inadai mkono unaojua kukadiria usichokiona.

Wazo lenyewe utalielewa ukikumbuka nyumba. Paa liko juu mno, unataka lishuke. Unaweza kulivunja. Au unaweza kuingia ndani, ukapunguza nguzo chini ya mwamba, ukalegeza miguu ya kuta, na nyumba nzima ikashuka pamoja na paa lake, makuti hayajaguswa.

Daktari huingia kupitia ndani ya pua. Chini ya mwamba, kwenye ukuta wa kati, hukata ukanda mwembamba wa gegedu na kuutoa. Ukanda huo ni milimita chache tu, na upana wake ndio kipimo cha kushuka kwa pua: akitoa milimita tatu, paa litaweza kushuka tatu. Kisha huachanisha mfupa pembeni, pale pua inapoungana na shavu, kulia na kushoto, na juu kabisa kati ya macho. Sasa piramidi yote ya pua imekuwa huru, kipande kimoja, mfupa na gegedu vimeshikana kama Mungu alivyovishikanisha. Anaibonyeza taratibu. Inashuka. Wapo wanaouacha mfupa wa pembeni uteleze upande wa ndani, na wapo wanaotoa kipande chembamba cha mfupa pembeni ili piramidi ikae juu ya kilichobaki na isizibe njia ya hewa. Mwishoni mwamba unashonwa kwa uzi kwenye ukuta wa kati usije ukapanda tena.

Maana gegedu ina kumbukumbu. Ikishaota na pindo, hutaka kurudi kwenye pindo, na kurudi kwa kibyongo ndiyo lawama kubwa inayotolewa dhidi ya njia hii. Mabingwa wake hawaifichi. Wanachanja mikato midogo upande wa chini, wanalegeza mahali mfupa na gegedu vinapokutana, wanashona, wanasubiri dakika kadhaa, wanapapasa tena. Mzee wa Gatsata alisema neno hilohilo juu ya bati: "Linakumbuka. Ukiliharakisha litarudi usiku."

Na hapa ndipo pa kidole. Wapasuaji wa pua, wa njia zote, wana tabia moja ambayo hutaiona kwenye matangazo. Macho yao hudanganywa na uvimbe. Dawa ya ganzi na dakika chache tu za kazi hutosha kuivimbisha ngozi. Kwa hiyo hulowesha ncha ya kidole chenye glavu, kisha hukipitisha juu ya mwamba kutoka kati ya macho hadi ncha, polepole, mara nyingi. Maji huondoa mkwaruzo wa glavu, na kidole husikia mawimbi ambayo jicho halioni. Daktari aliyemshughulikia mpwa wangu ndiye aliyenieleza haya, akinionyesha juu ya pua yake mwenyewe. Nilipomwona mzee wa Gatsata akiimwagia boneti maji kwa mara ya nne, akafumba macho na kuipapasa kwa kiganja kutoka kushoto kwenda kulia, nilisimama kutoka kwenye lile tairi bila kujua kwa nini nimesimama.

Walioifufua njia ya Goodale wanajulikana. Yves Saban wa Nice, Ufaransa, aliiendeleza kwa miaka mingi wakati wengi wakiiona ya kizamani. Barış Çakır wa Istanbul alikazania ngozi na kamba za ndani ya pua. Peter Palhazi wa Hungaria aliipasua maiti moja baada ya nyingine ili kuiona pua ilivyo kweli, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakaonyesha jambo lililobadilisha mawazo ya wengi: kile tunachokiita kibyongo cha mfupa, kwa sehemu kubwa ni gegedu iliyovikwa kofia nyembamba sana ya mfupa. Mwaka 2018 Rollin Daniel wa California akaandika makala iliyoipa njia hiyo jina linalotumika leo, upasuaji wa pua wa kuhifadhi, na wanne hao wakatoa kitabu pamoja.

Kuhifadhi huko hakuishii kwenye mwamba. Zamani ngozi ya pua ilinyanyuliwa juu zaidi, karibu na mafuta na misuli, mahali ambapo mishipa ya damu na ya hisia hupita. Siku hizi mpasuaji mvumilivu hushuka chini zaidi, akafika kwenye utando mwembamba unaoifunika gegedu, akapita chini ya utando huo. Gegedu hubaki nyeupe na safi, damu haionekani kwa urahisi, na kila kilicho juu hunyanyuka kama shuka moja. Kufika hapo kunachosha; utando huo ni mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu na hukataa kuachana na gegedu. Ndani ya ncha ya pua kuna pia kano ndogo inayoshika ngozi na gegedu pamoja. Ivo Pitanguy wa Brazil aliieleza katika miaka ya 1960, na kwa muda mrefu wapasuaji waliikata bila kuijali. Sasa wengi huiacha, au wakiikata huishona tena, kwa kuwa ndiyo inayoifanya ncha icheze mtu anapocheka. Nadhani hilo ndilo linalonivutia kuliko yote: mtu amefunzwa miaka kumi na mitano kukata, na umahiri wake unaonekana katika kile alichokiacha.

Msomaji wa Afrika Mashariki atauliza, na ana haki: haya yote yanatuhusu nini? Kibyongo kirefu si shida ya wengi wetu. Anayekwenda kwa mpasuaji Nairobi au Dar es Salaam mara nyingi analalamikia kinyume chake: mwamba ni mfupi, ncha ni nzito, mabawa ni mapana, na gegedu ya ndani ni laini chini ya ngozi nene. Kwa pua kama hiyo kushusha paa hakuna maana. Lakini fikra ni ileile. Ngozi nene haisamehe kukatwakatwa kwa kilicho chini yake. Ukipunguza gegedu ya ncha, ngozi haitakuwa na cha kuishika, na pua itakuwa donge. Mpasuaji mwenye busara huacha gegedu yote, huipanga kwa nyuzi, na panapohitaji nguvu huongeza gegedu ya mtu huyohuyo, ya sikio au ya ubavu. Wengine huweka silikoni, kwa kuwa ni rahisi na ya haraka. Nayo inaweza kuhama, kuambukizwa, hata kutoboa ngozi baada ya miaka. Silikoni ni kapo ya kutafuta. Gegedu ya mtu mwenyewe imezaliwa na hilo gari.

Nilisema nitarudi Rwanda. Kilima kilicho jirani na Gatsata ni Gisozi, na huko Gisozi uko Ukumbusho wa Mauaji ya Kimbari uliofunguliwa mwaka 2004, mahali walipozikwa zaidi ya watu 250,000. Watu wa gereji hukiona kilima hicho kila siku. Enzi ya Wabelgiji, watu waliojiita wanasayansi walipima vimo, vichwa na pua za Wanyarwanda kwa bikari, wakaandika namba katika daftari, na katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ikatoa vitambulisho vyenye kabila la mtu. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, kwenye vizuizi vya barabarani kitambulisho kilitazamwa, na palipokosekana kitambulisho ukatazamwa uso. Leo vitambulisho vya Rwanda havina kabila. Nami naamini kwamba katika nchi yenye kumbukumbu hii, mkono unaoigusa pua ya mtu una wajibu mzito kuliko wa kuipendezesha. Upasuaji unaoanza kwa kielelezo, kwamba pua nzuri ni ya aina fulani na nyingine zote zisogezwe huko, unabeba ndani yake ile bikari. Upasuaji unaoanza kwa kuuliza pua hii imejengwaje, na ni nini chake kisichopaswa kuguswa, umeiweka bikari chini. Ndiyo maana nasema njia ya kuhifadhi ni ufundi bora, na pia ni ufundi wenye heshima.

Kazi ya pua inayofanyika zaidi kwa watoto wa hapa haihusu kibyongo wala urembo. Ni ya watoto wanaozaliwa na mdomo uliopasuka, mdomo wa sungura, ambao Kinyarwanda huuita ibibari. Duniani hutokea kwa takriban mtoto mmoja kati ya 700. Watu huutazama mdomo, lakini muulize daktari, atakuambia mdomo ndio sehemu nyepesi. Pua ndiyo ngumu. Upande uliopasuka, bawa la pua limelala chini na kutanuka, gegedu ya ncha imeporomoka, ukuta wa kati umevutwa upande wa pili. Hakuna kilichopungua sana. Vitu vyote vipo, vimekaa pasipo pake.

Kwa miongo mingi madaktari waliuziba mdomo na kuiacha pua mpaka mtoto akue, wakihofia kwamba kuigusa mapema kutaizuia kukua. Harold McComb wa Perth, Australia, hakukubali. Kuanzia miaka ya 1970 alikuwa akiirekebisha pua siku ileile ya kushona mdomo, na namna yake ni ya kuhifadhi tupu, miaka arobaini kabla njia hiyo haijapewa jina: hakukata gegedu wala kuitoa. Aliinyanyua ngozi kutoka juu ya gegedu iliyoporomoka, akapitisha uzi chini yake, akaivuta gegedu ipande hadi usawa wa mwenzake, akaufunga uzi juu ya kipande laini nje ya ngozi, karibu na macho, ukaishikilia siku chache hadi ngozi igande chini. Kisha uzi ukatolewa. Alichoongeza ni hicho tu, uzi, na uzi wenyewe haukubaki. Halafu akafanya jambo ambalo ni wachache wenye uvumilivu wa kulifanya: akasubiri. Mwaka 1985 alichapisha matokeo ya miaka 10 ya watoto wale, na mwaka 1996 ya miaka 18. Pua zilikuwa zimekua.

Hapa Rwanda kazi hii imeshika mizizi. Shirika la Operation Smile limekuwa likishirikiana na madaktari wa hapa kwa miaka mingi, upasuaji wa aina hiyo hufanyika katika Hospitali ya Kijeshi ya Rwanda kule Kanombe, na Chuo Kikuu cha Rwanda sasa kinawafundisha wapasuaji wa plastiki hapahapa nchini. Mpwa wangu alifanyiwa upasuaji akiwa na miezi mitano. Kabla ya siku hiyo daktari alichukua kalamu na karatasi, akatuchorea mabawa mawili ya pua, moja limesimama na moja limelala, akamwambia dada yangu kwa Kiswahili cha taratibu: "Mama, sitaleta kitu kipya. Kila kitu anacho. Nitakipandisha tu kilipoanguka." Leo kijana yuko darasa la sita, na kovu lake ni mstari mwembamba ambao mgeni hauoni mpaka aambiwe. Bawa la kushoto liko chini kidogo kuliko la kulia. Ni pua yake. Akicheka, ncha inacheza.

Jua lilipokuwa linashuka nyuma ya Shyorongi mzee alifunga boneti ya Carina kwa mikono miwili, akaisukuma mara moja, ikaitika. Akapitisha ukucha kwenye mfereji kati ya boneti na bawa la taa, kulia kisha kushoto: upana mmoja. Alikuwa ametumia mastiki kiasi cha kijiko cha chai, na aliniomba radhi kwa hicho kijiko. Alinidai chini ya nusu ya bei ya boneti ya kununua.

Kwa wazazi, basi, neno langu ni hili. Mtoto akizaliwa na ibibari, msingoje akue na wala msimfiche. Gegedu ya pua ya mtoto mchanga huwa laini mno katika wiki zake za kwanza, kwa sababu ya homoni alizopata kwa mama yake, na katika wiki hizo daktari anaweza kuanza kuisogeza kwa plasta na vifaa vidogo tu, kabla ya kisu chochote. Baadaye hukakamaa. Pia mtoto ambaye kaakaa lake limepasuka hashiki ziwa vizuri na anaweza kudhoofika kwa njaa huku maziwa yapo, naye muuguzi anayejua atawafundisha namna ya kumlisha. Mpelekeni katika kituo cha afya kilicho karibu wiki ileile aliyozaliwa, na muombe barua ya kwenda kwa wapasuaji.